Kodi ya Tumbaku Iende Wapi? Wataalamu Wajibu Wasomaji

Tangu tuchapishe makala kuhusu bajeti ya afya, barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: fedha za umma zinaweza kweli kupunguza uvutaji na saratani, au zinaishia kwenye semina? Jopo letu la wataalamu wa kodi, afya ya jamii na famasia limejibu.

Kila bajeti ikikaribia tunaambiwa kwamba ukipandisha ushuru wa sigara, watu wataacha kununua na Hazina itakosa mapato. Ni kweli? Na mbona mzigo unamwangukia maskini? — Mhasibu mstaafu

Si kweli, na hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua pakiti inayouzwa 100 kwa sarafu yoyote, ndani yake ushuru wa bidhaa ukiwa 40. Pandisha ushuru ufike 60. Mtengenezaji akimsukumia mnunuzi ongezeko lote, pakiti itauzwa 120, yaani asilimia 20 zaidi. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bei ikipanda kwa asilimia 10 matumizi hushuka kwa takribani asilimia 5. Katika nchi tajiri hushuka kwa takribani 4. Kwa hiyo hapa mauzo yatapungua kwa kama asilimia 10. Awali pakiti 1,000 zilileta 40,000. Sasa pakiti 900 zinaleta 54,000. Sigara zimepungua na Hazina imepata asilimia 35 zaidi, kwa sababu nikotini haimwachii mtu kirahisi: wengi hupunguza kwanza, wengine huacha, na vijana wengi hawaanzi kabisa.

Ushuru ukishindwa, mara nyingi chanzo ni jinsi ulivyoundwa. Ukitozwa kama asilimia ya bei ya kiwandani, kampuni hushusha bei inayoitangaza kwa mamlaka ya kodi. Ukiwa na madaraja, sigara za bei nafuu zikitozwa kidogo, mvutaji hushuka daraja na kuendelea kuvuta. Ufilipino ilikuwa na mfumo wa madaraja. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2012 iliyapunguza mwaka hadi mwaka mpaka 2017 sigara zote zikatozwa kiwango kimoja, na sehemu kubwa ya mapato ya ziada ikapelekwa kwenye huduma za afya. Weka kiasi maalumu kwa kila sigara, kiwe kimoja kwa aina zote, na kiongezeke chenyewe kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Bila hilo, ushuru wa 60 kwenye mfumuko wa asilimia 8 utakuwa na thamani ya chini ya 48 baada ya miaka mitatu, na hakuna atakayelalamika kwa sababu hakuna atakayeona.

Kuna mtego mwingine ambao waandishi wa sheria husahau. Ongezeko likitangazwa Juni lianze Julai, viwanda hutoa ghalani shehena ya miezi kadhaa kwa kiwango cha zamani. Dawa yake ni mbili: kiasi cha kutoa kisizidi wastani wa miezi kama hiyo mwaka uliopita, au bidhaa iliyoko ghalani na kwa wauzaji wa jumla siku ya kwanza ya kiwango kipya ilipiwe tofauti kati ya viwango viwili. Tumbaku ya kusokota nayo itozwe kwa gramu, kwa kiwango kinacholingana na sigara. La sivyo wavutaji watahamia huko.

Kuhusu maskini: ndiye anayebadilika zaidi bei inapopanda, hivyo ndiye anayevuna afya zaidi. Lakini anayeshindwa kuacha hubaki analipa. Haki inadai kwamba huduma ya kuacha ianzie maeneo anayoishi yeye, tena bure.

Na magendo? — Afisa wa forodha

Yapo, ila hayafuati kiwango cha ushuru peke yake. Yanafuata mipaka iliyolegea na rushwa. Itifaki ya kupambana na biashara haramu ya tumbaku, iliyo chini ya mkataba wa Shirika la Afya Duniani, ilianza kutumika tarehe 25 Septemba 2018 na inadai mfumo wa kufuatilia pakiti kutoka kiwandani. Stempu ya ushuru iwe na namba ya kipekee ya siri, mkaguzi aweze kuisoma kwa simu dukani, na mfumo usimilikiwe wala kuendeshwa na kampuni za sigara. Tenga fedha za wakaguzi kwenye bajeti hiyohiyo. Stempu isiyokaguliwa ni karatasi tu.

Kamati yetu inafikiria kuanzisha mfuko maalumu unaolishwa na ushuru wa tumbaku. Wizara ya fedha inapinga, inasema kila mapato yaingie kapu moja. Mnatushauri nini? — Mjumbe wa kamati ya bajeti

Wizara ina hoja. Fedha zilizofungwa kwa kazi moja huwa ngumu kuhamisha dharura inapotokea, na zikizoeleka wanaozitumia hulegea. Hata hivyo, udhibiti wa tumbaku unahitaji miaka mfululizo, na bajeti ya kawaida huukata kwanza kwa sababu mgonjwa aliyeepushwa haonekani wodini. Sisi tunaegemea upande wa mfuko, kwa masharti.

Angalia mifano mitatu. Jimbo la Victoria, Australia, lilianzisha VicHealth mwaka 1987 kwa fedha za ushuru wa tumbaku, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kununua nafasi ya udhamini wa michezo iliyokuwa mikononi mwa kampuni za sigara. Thailand ilipitisha sheria ya ThaiHealth mwaka 2001: watengenezaji na waingizaji wa tumbaku na pombe hulipa asilimia 2 juu ya ushuru wanaodaiwa. Zingatia neno *juu*. Hazina haikunyang'anywa kitu, na hiyo ndiyo njia ya kuinyamazisha wizara yenu.

Mfano wa tatu ni California, na una mafunzo ya pande zote mbili. Mwaka 1988 wapigakura walikubali senti 25 za ziada kwa pakiti. Sheria iligawa mapato kwa asilimia: 20 kwa elimu ya afya, 5 kwa utafiti, sehemu kubwa iliyobaki kwa hospitali, madaktari na mambo mengine. Uvutaji ulishuka na vifo vya saratani ya mapafu vikapungua kwa kasi kuliko sehemu nyingine za Marekani. Lakini katika miaka ya 1990 wanasiasa walihamisha sehemu ya fedha za elimu na utafiti kwenda kwenye matibabu, mpaka mashirika ya afya yakaenda mahakamani.

Makubaliano ya Novemba 1998 kati ya majimbo 46 ya Marekani na kampuni kubwa za sigara ni onyo kubwa zaidi. Yaliahidi zaidi ya dola bilioni 200 katika miaka 25 ya mwanzo, lakini hayakulazimisha jimbo lolote kutumia hata senti kuzuia uvutaji. Fedha nyingi zikaziba mapengo ya bajeti, na baadhi ya majimbo yakauza malipo ya miaka ijayo kwa wanunuzi wa hati fungani ili yapate fedha taslimu mapema.

Kwa hiyo sheria yenu iandike: fedha zinaingia wapi na kwa siku ngapi baada ya kukusanywa, asilimia ya chini ya kila kazi, fedha zisizotumika zibaki kwenye mfuko badala ya kurudi Hazina, mapato yajayo yasiwekwe rehani, ukaguzi wa hesabu uchapishwe kila mwaka, na mtu mwenye maslahi katika tumbaku asikae kwenye bodi. Andikeni pia kwamba fedha za mfuko ni nyongeza. Mchezo wa kawaida ni mfuko kuingiza 10 na wizara ya afya kukatwa 10 kimyakimya.

Tukishapata fedha, tugawe vipi kati ya matangazo, kliniki na mashine za kupima saratani? Hospitali inataka mashine. — Katibu wa mfuko wa afya

Hospitali hutaka mashine daima. Tumbaku inasababisha takribani robo ya vifo vyote vya saratani duniani, na moshi wake una zaidi ya kemikali 7,000, kama 70 kati yake zikijulikana kusababisha saratani. Mashine hukuonyesha saratani iliyokwisha kuota. Anzeni na kinachoizuia isiote.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinapanga kazi hii katika mafungu matano: shughuli za ngazi ya jamii na utekelezaji wa sheria, mawasiliano kwa umma, huduma za kuacha, ufuatiliaji na tathmini, na utawala. Fungu la mwisho hudharauliwa. Mfuko usio na mhasibu, mwanasheria na mtakwimu wake huishia kuwalipa washauri wa nje.

Matangazo yana sharti gumu: yawe mengi na ya muda mrefu, au msiyaanze. Kampeni huhitaji kama miezi sita kufahamika, miezi 12 hadi 18 kugeuza mitazamo, na 18 hadi 24 kugeuza mwenendo. Yakisimama, athari yake hufifia ndani ya miezi michache. Wiki mbili za redio kuzunguka tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, ni sherehe tu. Yanayofanya kazi zaidi ni yanayoonyesha madhara halisi mwilini na kumwambia mvutaji apige simu wapi. Namba hiyo ichapishwe kwenye pakiti pamoja na picha ya onyo. Nchi zilizofanya hivyo ziliona simu zikiongezeka sana, basi waajirini wapokeaji kabla ya pakiti mpya kufika madukani. Mvutaji anayepiga mara ya kwanza asipopokelewa harudii. Wapokeaji nao wapige wenyewe kumfuatilia aliyejiandikisha, hasa wiki ya kwanza baada ya kuacha, ambapo wengi huanguka.

Kuhusu mashine: upimaji wa mapafu kwa CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) ya mionzi midogo una ushahidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011, wenye watu 53,454, ulionyesha vifo vya saratani ya mapafu vikipungua kwa asilimia 20 kati ya waliopimwa mara tatu, mara moja kwa mwaka, ukilinganisha na waliopigwa eksirei. Ila katika kila matokeo 100 yaliyoleta shaka, kama 96 hayakuwa saratani. Kila shaka inadai kipimo kingine, pengine sindano ya kuchukua nyama ya pafu, na pale kifua kikuu kilipoacha makovu mengi shaka huzidi. Bila mtaalamu wa picha, maabara ya patholojia na daktari wa upasuaji wa kifua, mnanunua hofu kwa bei ghali. Mkifikia uwezo huo, pimeni wenye hatari kubwa tu. Mwongozo wa Marekani wa 2021 unataja miaka 50 hadi 80, "miaka-pakiti" 20 au zaidi, na awe bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15. Miaka-pakiti ni pakiti za sigara 20 kwa siku mara miaka ya kuvuta: sigara 10 kwa siku kwa miaka 30 ni 15, hajafikisha.

Shikamooni. Nimepewa kazi ya kuagiza dawa za kuacha sigara kwa watu 500 na sijui nianzie wapi. — Mfamasia kijana, kituo cha afya

Marahaba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unapendekeza dawa nne, vareniklini, nikotini mbadala (kama vibandiko na chingamu), bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri. Tukupigie hesabu ya vibandiko vya nikotini, maana ndivyo watu hukosea.

Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku hutumia kibandiko cha miligramu 21 kwa wiki sita, 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili: vibandiko 70. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14 kwa wiki sita, kisha 7 kwa wiki mbili: 56. Tuseme kati ya 500 wako, 300 ni wa kundi la kwanza na 200 la pili. Dozi kamili ni vibandiko 12,600 vya 21, vingine 12,600 vya 14, na 7,000 vya 7. Usiagize vyote kwa mkupuo. Wengi hukatisha mapema, na dawa itaharibikia stoo. Anza na ya wiki mbili, 4,200 vya 21 na 2,800 vya 14, mgawie kila mtu ya wiki mbili tu, hesabu wanaorudi, halafu agiza kwa idadi hiyo. Kosa la kawaida la zabuni ni kununua vya 21 pekee: wanaovuta kidogo wanapata kichefuchefu, na wanaovuta sana hawana pa kushukia.

Kibandiko huwekwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku mahali tofauti. Akiota ndoto za kutisha, akivue usiku. Hamu ikimshika ghafla, aongeze chingamu ya nikotini. Viwili pamoja vinashinda kimoja. Anayevuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka apewe ya miligramu 4, wengine ya 2. Mfundishe kutafuna: polepole mpaka isisimke mdomoni, aiegeshe shavuni, ikipoa atafune tena, kwa kama nusu saa. Wanaoitafuna kama chingamu ya kawaida humeza nikotini, wakapata kwikwi na kiungulia, wakasema dawa mbaya. Kahawa, soda na juisi zikae mbali dakika 15 kabla, kwa sababu uchachu huzuia nikotini kupita kwenye ngozi ya mdomo.

Vareniklini huanza wiki moja kabla ya siku ya kuacha: miligramu 0.5 mara moja siku 1 hadi 3, mara mbili siku 4 hadi 7, kisha 1 mara mbili hadi wiki 12 zitimie. Kwa mtu mmoja ni vidonge 11 vya 0.5 na 154 vya 1. Anywe baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, maana kichefuchefu ndicho kinachowakatisha wengi. Sitisini ni kozi ya siku 25, vidonge kama 100 vya 1.5: sita kwa siku mwanzoni, vikipungua hadi kimoja au viwili, na sigara iachwe kufikia siku ya tano. Ni ratiba ya kuchosha, kidonge kila baada ya saa mbili, kwa hiyo mchapishie kadi ya kuweka alama. Kwa dawa hizi mbili, muulize kwanza kuhusu ugonjwa wa figo.

Watu wetu wanatumia ugoro na tumbaku ya kutafuna. Mipango yote inazungumzia sigara. — Muuguzi

Lalamiko la haki. Tumbaku hizo husababisha saratani ya kinywa, umio na kongosho. Ushauri unasaidia, na vareniklini ina ushahidi kwa watumiaji hao. Kibandiko kina ushahidi dhaifu. Waulize kila mahudhurio, "Unatumia tumbaku ya aina yoyote?", kwa sababu ukiuliza "Unavuta?" watakujibu hapana, na watakuwa wamesema kweli. Kinywa ukikague kwa tochi: doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kilichopita wiki mbili, apewe rufaa.

Kampuni ya sigara imejitolea kugharimia kampeni ya vijana. Tukatae fedha za bure? — Mwalimu mkuu

Kataeni, kwa barua. Ibara ya 5.3 ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku inazitaka serikali zikinge sera zao dhidi ya maslahi ya biashara hiyo, na ibara ya 13 inagusa udhamini. Kampeni za kampuni hupenda kusema kuvuta ni "uamuzi wa watu wazima", sentensi inayomfanya kijana wa miaka 14 aitamani zaidi. Mihadhara ya shuleni peke yake, hata ya kwenu, haidumu. Msukumo wenu uelekezeni kwenye marufuku ya kuuza sigara mojamoja karibu na shule.

Mkaguzi ametuuliza kwa nini saratani haijapungua baada ya miaka mitatu ya matumizi. Tumjibu nini? — Mratibu wa mradi

Mwonyesheni mfano. Nchini Marekani ulaji wa sigara kwa kila mtu mzima ulifika kilele 1963; vifo vya saratani ya mapafu kwa wanaume vilifika kilele karibu na 1990. Mtu mmoja akiacha, hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka kufikia kama nusu baada ya miaka 10. Aliyeandika "kupunguza saratani" kama lengo la miaka mitatu kwenye andiko la mradi ndiye wa kuulizwa.

Pimeni vinavyosogea mapema: sigara zilizolipiwa ushuru kwa kila mtu mzima, uvutaji wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, waliojaribu kuacha ndani ya miezi 12, na waliolazwa kwa mshtuko wa moyo, ambao hupungua mapema moshi ukipigwa marufuku ndani ya majengo. Rejesta ya saratani igharimiwe tangu mwaka wa kwanza, maana hamtaweza kulinganisha na takwimu ambazo hazikukusanywa.

Kuhusu walioacha, kuweni wakali na nafsi zenu. Wameandikishwa 200, miezi sita baadaye mmewapata 120, na 30 wanasema wameacha. Jibu ni 30 kwa 200, asilimia 15. Ripoti nyingi zitaandika 25, kwa kuwafuta waliopotea. Asilimia 15 si aibu, kwani wanaojaribu bila msaada hufaulu kwa asilimia 3 hadi 5. Mkithibitisha kwa kifaa cha kupima monoksidi ya kaboni, gesi itokanayo na moshi, kwenye pumzi, mtu azuie pumzi sekunde 15 kabla ya kupuliza. Kifaa kinaona uvutaji wa saa 24 hivi tu, na moshi wa mkaa au kuni hupandisha kipimo. Kipimo cha kotinini, yaani mabaki ya nikotini, kwenye mate au mkojo huona siku kadhaa, lakini aliye kwenye kibandiko naye atasoma "anavuta".

Mwaka wa fedha unaisha baada ya miezi miwili na tuna salio. Bosi anataka fulana na kofia. — Afisa manunuzi

Kama sheria yenu inaruhusu, livukisheni. Kama hairuhusu, nunueni vibandiko vyenye angalau miezi 18 kabla ya kuisha muda, vipulizio vya kutupwa vya kifaa cha pumzi, na lipieni mafunzo ya wauguzi ya ushauri mfupi wa dakika tatu hadi tano. Mkiwa na muda wa zabuni, sainini mkataba wa uchunguzi wa kaya, malipo yakifuata hatua za kazi. Kuhusu fulana, mwandikieni bosi barua ya kukataa yenye gharama ya fulana moja upande mmoja, na gharama ya kibandiko kimoja upande wa pili.